Mlango Uliopigwa Randa

Sarang'ombe, Kibera
Jumatatu, 14 Januari 2008

Kwa Mzee Mutunga, Baba Kaluki,

Murunga, dereva wa pikapu ya kanisa, ameniambia mmefika Gatina kwa ndugu yako Mwanzia, wewe na Mama Kaluki na mtoto, na kwamba mnabanana chumba kimoja. Nikasema afadhali. Tangu Jumatano nimekuwa nikipiga simu yako, naambiwa mteja hapatikani, mpaka kadi yangu ya mwisho ya simu ikaisha. Kadi nyingine huku hakuna, hata ukiwa na pesa mkononi. Kwa hivyo naandika. Sijaandika barua tangu nilipokuwa nikimtongoza Mama Valary, nivumilie.

Murunga hupeleka unga wa msaada huko Gatina Jumatano na Jumamosi. Amekubali kubeba karatasi, hata mbao, mradi zisizidi unga.

Karakana ipo. Nalisema hilo kwanza kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Jumatano ile walipokuja kuwatafuta Wakamba, eti kwa sababu yule mwanasiasa wenu amepewa kiti serikalini baada ya uchaguzi, mimi nilikuwa ndani. Nilitia komeo nikanyamaza, wakapita. Mbao za nje zimekwenda, za ndani zipo. Benchi lipo, vyombo vyako vipo. Mlango nimeupiga randa kidogo, ulikuwa unakwama. Nalala hapa hapa kwenye maranda, kwa maana Mama Valary na mtoto wamekwama Bungoma tangu Krismasi na barabara haipitiki.

Sasa kazi. Madam Yvonne wa hosteli ya wasichana pale Olympic alikuja jana. Bado anavitaka vitanda vyake vinane vya deka, vya kulala juu na chini, tena kwa haraka kuliko alivyosema Novemba, maana wasichana wanalala wawili wawili kwenye simenti. Nikaanza kumweleza hali ilivyo, akanikata: "Fundi, mimi sitaki story, nataka vitanda." Mwisho wa Februari. Vikikosekana anakwenda kwa wale wa kuchomelea vyuma. Na mwenye ploti amesikia. Alisimama mlangoni akitazama paa kama mtu anayepima, akasema kazi ikienda kwa wachomeleaji, na hiki kibanda atawapa wao mwezi wa tatu. Miaka tisa, Mzee. Tulianza na msumeno mmoja hapa.

Peke yangu siwezi. Lakini nusu ya mbao ulizinunua Kawangware Desemba, na bado zimelala hapo kwa Mwanzia. Nimefikiri hivi. Mimi nisimamishe nguzo huku, nitoboe matundu yote. Wewe huko ukate zile mbao ndefu za ubavuni, nne kwa kila kitanda, na kuzichonga ndimi za kuingia kwenye matundu hayo pande zote mbili. Murunga azilete, mimi niziunganishe. Wewe huku huwezi kurudi, mimi huko siwezi kuja, basi vitanda ndivyo vitembee.

Unasemaje?

Wekulo


Gatina
Alhamisi, 17 Januari 2008

Baba Valary,

Usishtushwe na mwandiko. Ni wa Mama Kaluki. Miwani yangu imebaki huko kwenye rafu ya gundi, na bila miwani karatasi kwangu ni nyeupe tupu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asitie chumvi.

Tulifika salama. Mama Kaluki na mtoto walitangulia Jumatatu ya wiki ile. Mimi siku ile nilifuata reli, nikatokea Ngong Road. Simu ilianguka njiani.

Usije huku kweli. Majirani wawili wa Mwanzia, watu wa kwenu Magharibi, walihama Jumapili na magodoro kichwani. Mwenye nyumba wao alikuwa akilia na bado akafunga milango nyuma yao. Unga umefika bei ambayo zamani ilikuwa ya nyama. Hilo la unga ni lake Mama Kaluki, si langu.

Kazi nimekubali. Nipe vipimo kamili na unitumie sanduku la vyombo. Msumeno wa Mwanzia una meno kama ya mzee wa miaka mia.

Ule mlango nilikuwa nimeutengeneza mwezi wa kumi na moja. Haukuwa unakwama.

Mutunga


Sarang'ombe
Jumanne, 22 Januari 2008

Mzee,

Sanduku lako ni hilo. Misumeno miwili, patasi zote sita, nyundo ya mti, msasa. Miwani nimeifunga ndani ya sweta yako ya kijani, nzima, nimeifuta hata vioo. Sasa huna kisingizio, shika kalamu mwenyewe. Mwandiko wa Mama Kaluki ni mzuri kuliko wako, lakini nimeuzoea wako ule wa kuku akitafuta mchwa.

Vipimo: urefu futi sita na inchi tatu bila ndimi. Ulimi utokeze inchi mbili, unene inchi moja kamili. Nimekukatia kijiti chenye alama, kimo sandukuni, usitumie futi ya kupimia ya Mwanzia. Matundu yangu ni inchi moja na hayana huruma, ulimi uingie kwa kugongwa.

Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua.

Nimefanya nguzo za vitanda vitatu. Natoboa, nalala, naamka, natoboa. Jana mabomu ya machozi yaliingia mpaka ndani, nikafunga macho nikaendelea kwa kupapasa. Mtu akichoka sana hata uoga unamchoka. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na nikijua wa pili uko Gatina unafanya kazi, napata nguvu.

Jambo moja. Siku ile, ulitoka nyumbani moja kwa moja ukashika reli? Hukupitia huku kwanza?

Wekulo


Gatina
Jumapili, 27 Januari 2008

Baba Valary,

Sanduku limefika. Miwani pia, ila kioo kimoja kilipasuka njiani, pikapu inarukaruka. Kwa hivyo utavumilia mwandiko wa Mama Kaluki bado.

Mvua gani ya Januari?

Murunga anakuletea mbao nane za ubavu, yaani za vitanda viwili. Nyingine zinakuja. Naenda polepole kwa sababu hapa sina benchi, natumia kigogo cha kukatia kuni. Jirani anasema kelele za msumeno ni afadhali kuliko zile nyingine.

Nilipitia njia ya reli kama nilivyosema.

Mutunga


Sarang'ombe
Jumatano, 30 Januari 2008

Mzee Mutunga,

Nimekaa na mbao zako nane tangu asubuhi na sijui nianzie wapi.

Urefu uko sawa. Mabega, pale ulimi unapoanzia, yamekatwa vizuri, hata kuliko unavyokata wewe ukiwa na haraka. Lakini ndimi zote kumi na sita zinacheza ndani ya matundu kama jino bovu. Nikazitazama kwenye mwanga. Zimepigwa msasa. Ndimi, Mzee. Zimepigwa msasa mpaka zinateleza kama mwiko mpya. Ni wewe uliyenifundisha kwamba ulimi wa mbao uachwe na makovu ya msumeno ili gundi ipate pa kushika. Uliwahi kunifukuza siku nzima kwa kosa dogo kuliko hili.

Basi nimejiuliza. Ama kazi umempa mtu wa barabarani, ama umeifanya ukiwa hujali. Na nimeanza kuhesabu mengine. Miwani ilikuwa nzima, niliifunga mara tatu. Murunga nimemwuliza unaendeleaje, akaniambia, "Mzee simwonangi, ni mathe tu hupokea," yaani Mama Kaluki. Safari nne, na hujawahi kutoka nje kumsalimia mtu aliyekubebea unga.

Kama una hasira nami, sema. Kama hutaki hata kushika kalamu kwa ajili yangu, sema. Kama mnaona huko kwamba kila mtu wa Magharibi ni yule yule, sema pia, ingawa hilo litaniuma. Nimechoka kuzungumza na mwandiko wa mtu mwingine.

Wekulo


Gatina
Jumamosi, 2 Februari 2008

Baba Valary,

Barua hii ni yangu. Mzee amelala, vidonge vinamlaza mchana, na hajui kwamba naandika. Yako sikumsomea. Nilimwambia tu umesema ndimi zimelegea.

Aliyezipiga msasa ni mimi. Aliyezikata ni mimi.

Kwetu Wamunyu baba na kaka zangu walichonga, sisi wasichana tulipiga msasa. Twiga, vifaru, vinyago vya wazee wenye fimbo, kila kitu kilimalizikia mikononi mwetu. Mnunuzi akipitisha kidole akakuta mahali pana makovu, siku hiyo chakula unakitazama tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuna sehemu ya mbao isiyotaka msasa. Mzee alikaa kando yangu siku nne akisema kata hapa, acha hapa, shika patasi hivi. Ya tano akaingia ndani kwa maumivu, nikabaki na mbao, nikaona nimfurahishe. Nilizipiga mpaka jioni. Nilipomwonyesha alizishika kwa mkono wa kushoto, akazitazama sana, akasema, "Ni nzuri, zipeleke." Sasa naelewa kwa nini alizitazama vile. Hakutaka kunivunja moyo, na wewe ndiwe uliyelipia.

Mkono wake wa kulia hauna kazi. Panga lilipita nyuma ya kiganja. Zahanati walimshona nyuzi kumi na moja. Kidole gumba na cha shahada vinakunja, vile vitatu vimelala. Daktari anasema labda, kisha anaita mtu mwingine kwenye foleni.

Hakushika reli moja kwa moja. Alikuja huko karakanani. Alijua uko ndani, na alilijua lile komeo kwa sababu alilitia yeye. Alibisha. Walimkuta hapo, mkono ukiwa juu ya mlango. Wangemmaliza, ila mmoja wao alimtambua, Mzee aliwahi kumtengenezea mamake kitanda, akawaambia wamwache.

Amenikataza nisikuambie. Kila nilipouliza kwa nini, alisema, "Wekulo akijua, na mkono wake utakufa." Nikanyamaza. Nimebuni kisingizio cha miwani, nimepasua kioo kwa jiwe kwa mkono wangu ili isiwe uongo kabisa. Lakini unapoandika kwamba mume wangu anakudharau, hapo na mimi nachoka. Mimi ndiye ninayembadilishia bendeji.

Kwa hivyo nauliza, yeye hatauliza. Ulikuwa ndani. Ulisikia?

Syokau


Gatina
Jumamosi, 9 Februari 2008

Baba Valary,

Vipi kimya? Murunga amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema upo, unatoboa mbao, huongei.

Hizi ni mbao kumi na mbili nyingine. Hazikupigwa msasa. Zile za kwanza usizitupe, mbao siku hizi haipatikani. Unajua la kufanya.

Kama ni Madam Yvonne ameghairi, niambie tu. Nimezoea.

Mutunga

(Mzee bado hajui niliandika. Jibu au usijibu, lakini amua. Syokau.)


Sarang'ombe
Jumamosi, 16 Februari 2008

Kwa Mzee Mutunga, na kwa Mama Kaluki atakayesoma,

Mama Kaluki, msomee yote, usiruke. Mzee, usimkasirikie. Aliniandikia tarehe mbili akaniambia kuhusu mkono na mlango. Aliniuliza swali moja, na nimekaa nalo wiki mbili.

Nilisikia.

Kwanza ilikuwa mara tatu, polepole, kama mteja. Halafu ikawa kwa kiganja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Kulivuta ni kitu cha kupepesa jicho. Nilijiambia ni wao. Lakini wale hawabishi, Mzee, wale hupiga teke. Hilo nililijua pale pale, komeo likiwa mkononi. Nilijua ni mtu anayeomba kuingia, na katika watu wote wa Kibera nilijua ni nani angekimbilia mlango huu. Halafu kubisha kukaisha. Nikasikia kelele. Nikakaa chini kwenye maranda, nikaziba masikio kama mtoto.

Alhamisi asubuhi nilifungua. Kulikuwa na damu kwenye mbao, usawa wa kifua. Watu walikuwa wanapita, hakuna aliyeniangalia. Nikarudi ndani nikachukua randa yako kubwa, nikaupiga mlango mpaka ukawa mweupe. Sikumwuliza mtu damu ni ya nani. Maranda yale niliyachomea chai.

Murunga aliponiambia umefika Gatina nilishukuru Mungu. Nikajiambia basi, haikuwa yake. Ndipo nikaandika ile barua ya kwanza na habari za Madam Yvonne. Nilikuwa nakupima, kama utasema. Hukusema, nikapumua. Halafu ulipouliza mvua gani ya Januari, nilijua unajua, nikaanza kukutafutia makosa. Ndimi zilipolegea nilifurahi kupata kitu cha kukukasirikia. Mama Kaluki, msasa wako haukuwa na kosa. Nisamehe kwa hilo kwanza, hilo ni dogo.

Kazi nimeifanya. Zile ndimi kumi na sita nilizipasua vichwa nikazipa kabari, kila moja kabari yake, kama ulivyonifundisha mwaka wa kwanza. Ukiipigilia kabari, ulimi unapanuka ndani ya tundu na hautoki tena. Vitanda viwili hivyo ni imara kuliko vyote. Nimevitingisha, nimevipanda, nimelala juu ya kimoja.

Vitanda vinane tutavimaliza. Baada ya hapo, Mzee, karakana ni yako. Sijui mtu anakaaje benchi moja na mtu aliyemfungia. Barabara ya Magharibi sasa imefunguka kidogo. Nitakwenda Bungoma kwa Mama Valary, kuna mjomba anayechoma tofali.

Wekulo


Gatina
Jumatano, 20 Februari 2008

Baba Valary,

Nimemsomea. Sikuruka.

Aliniuliza ile barua niliandika lini, nikamwambia, akasema, "Basi zile wiki mbili alikuwa anatoboa mbao na hilo kichwani." Akatoka nje akakaa kwenye kigogo chetu. Kaluki alimpelekea chai ikapoa.

Jioni nilimwuliza nikuandikie nini. Amesema nikuambie zimebaki mbao kumi na mbili, kumi zinakuja na Murunga Jumamosi, mbili zina fundo katikati, ametaka nizikate upya. Hayo tu. Nilimngoja aseme lingine, akaniambia nifunge bahasha.

Sasa yangu. Mimi sijakusamehe. Sijui kama ni kazi yangu kusamehe, mkono si wangu. Lakini ninapokata ndimi naona ni kwa ajili ya wale wasichana wanaolala kwenye simenti, na wewe huko unawatobolea matundu, na kazi haijui tumekosana. Inakwenda. Nimeacha kuzipiga msasa, ingawa mkono unaniwasha kila nikizimaliza.

Jana alijaribu kushika patasi kwa kushoto. Alijikata. Alicheka, mara ya kwanza tangu tufike hapa.

Syokau


Sarang'ombe
Ijumaa, 29 Februari 2008

Mzee Mutunga,

Redio zote za Olympic zilifunguliwa jana pamoja. Wakubwa wametia sahihi, wamepeana mikono, watu wametoka nje wakapiga kelele, wengine wakaimba. Mimi nilikuwa napiga vitanda vanishi. Mtu alipita akaniambia, "Fundi, ni amani, shusha brashi." Nikamwambia ikikauka nusu italeta alama. Nilikuwa nimechoka hata kufurahi.

Madam Yvonne amechukua vitanda saba leo, amevipanda kimoja kimoja kwa viatu. Akaja kwenye vile viwili vyenye kabari, akauliza kwa nini vichwa vya ndimi vina mstari katikati. Nikamwambia ndivyo vya fundi mkuu. Akasema basi cha nane nacho kiwe hivyo. Atakingoja mpaka Jumanne, si zaidi. Mwenye ploti alisimama hapo nje, akaona vitanda vinapakiwa, akaenda zake bila kutazama paa.

Kitanda cha nane kimesimama bila mbao mbili za ubavu. Ni zile zenye fundo. Zikifika, mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuzitia, si lazima niwe mimi.

Nimekata tiketi ya basi la Jumatatu jioni. Nimefagia. Vyombo vyangu nimevifunga kwenye gunia, vyako vya huku nimevipanga kwenye rafu kama ulivyokuwa ukivipenda. Benchi nimelitengeneza mguu mmoja uliokuwa mfupi, umetusumbua miaka minne. Ufunguo nitampa Murunga kesho akuletee.

Sikusema samahani katika ile barua nyingine. Nilisoma tena nakala kichwani nikaona nimesema kila kitu isipokuwa hilo. Samahani, Mzee.

Wekulo


Gatina
Jumamosi, 1 Machi 2008

Wekulo,

Huu ni mkono wangu wa kushoto. Imenichukua tangu asubuhi. Mama Kaluki amekaa kando, nimemkatalia asinisaidie.

Ufunguo nimeurudisha kwa Murunga huyu huyu. Utaupata leo.

Jambo moja hulijui, na Syokau pia halijui mpaka sasa anaposoma juu ya bega langu. Siku ile nilikusikia. Ulikuwa unapumua nyuma ya mlango, mbao ile ni inchi moja tu. Nilibisha tena kwa kiganja nikijua uko. Kisha niliwasikia wakija kwa kona, na nikaacha kubisha. Wangeona nabisha, wangejua kuna mtu ndani, na mlango ule usingewazuia. Tungekuwa wawili.

Usinifanye mtakatifu. Nilikutukana kimoyomoyo mpaka Ngong Road. Bado nina hasira, huja asubuhi mkono ukiwa na baridi. Lakini nimejiuliza mara nyingi, komeo lingekuwa mkononi mwangu na wewe uko nje, ningefanya nini. Sijapata jibu la kunifurahisha.

Bungoma watakungoja. Mjomba wako amechoma tofali bila wewe miaka yote. Mimi peke yangu sina karakana, nina vyombo kwenye rafu.

Naja Jumatatu asubuhi na Murunga, amekubali ingawa si siku yake. Naleta mbao mbili za mwisho. Naja na Syokau, ndiye fundi wa ndimi sasa, umzoee. Mlango usiupige randa tena, umebaki mwembamba.

Nitabisha. Fungua.

Mutunga